Taarifa ya Mwaka 2024 ya Mwenyekiti kwa Wanachama: Wenye Maduka wa Komini ya Kenya, Lubumbashi, Kongo (RDC)

Wapendwa wanachama, wababa na wamama, wazee washauri, na ninyi mliotuma watoto waje kuwawakilisha,

Nawasalimu kwa jina la komite. Shughuli za kawaida mnazijua, sitawachosha nazo. Tulifanya salongo (kazi ya pamoja) ya mifereji kabla ya mvua, tulikwenda kwenye vilio, yaani misiba, vya wenzetu, tuliwatembelea wagonjwa, tuliandika barua komini kuhusu takataka za sokoni, na jibu bado tunalingoja. Delestaji, yaani kukatwa umeme, ilitusumbua kama kila mwaka, na waliokuwa na samaki kwenye friza wanajua hasara yao. Mwezi wa nane Zambia ilifunga mpaka wa Kasumbalesa kwa siku chache, kwa sababu ya ugomvi wa vinywaji vilivyokatazwa kuingia kwetu. Unga ulipanda siku hiyohiyo, na baadhi yetu, sitaji majina, tulipandisha bei hata ya unga uliokuwa dukani tangu mwezi wa saba. Basi, hayo yamepita.

Upande wa sanduku. Tuliingia mwaka na dola 310. Michango iliyotegemewa, kwa wanachama 64, dola 5 kila mwezi, ni dola 3,840. Iliyoingia ni dola 1,415. Vilio na wagonjwa vilikula 460. Ofisi, mihuri, makaratasi, viti na karamu ya mwisho wa mwaka, 385. Kazi ya kaye (madaftari yetu ya mauzo), ambayo najua ndiyo mnayoingoja, 640. Limebaki 240. Mtunza pesa anazo karatasi zote, anayetaka aende akasome badala ya kuuliza uliza barabarani.

Wanachama waliolipa mwaka mzima ni 19. Wengine walilipa miezi miwili mitatu wakanyamaza, na wapo ambao mara ya mwisho kuona pesa yao tulikuwa bado na komite ya zamani. Kwenye mkutano wa mwezi wa tano tulikodi viti 80, wakakaa watu 17, na wawili kati yao walikuwa wanapumzika tu kwa ajili ya jua. Lakini siku ya karamu walihesabiwa watu zaidi ya 90, katika chama cha watu 64. Sisemi zaidi. Nasema tu kwamba walionilaumu sana kuhusu hizo dola 640, nilipofungua daftari la michango, wengi wao sikuwaona.

Sasa tuingie kwenye jambo lenyewe.

Mnakumbuka niliwaomba mlete kaye zenu za mauzo. Wazo lilikuwa langu, na komite ililikubali, hata kama leo kuna wanakomite wanaosema hawakuwepo. Kila siku kaye inaandika mteja amechukua nini: meka (kopo la kupimia) ya unga, mafuta, sabuni, yuniti za simu. Tunaiandika kwa ajili ya hesabu ya jioni, kisha panya wanaila. Nilisema humo ndani kuna kitu: mteja akichukua hiki, huwa anachukua na kipi? Tukilijua hilo, tutamuuzia na cha pili badala ya kumwacha akakinunue kwa jirani. Wenye maduka makubwa duniani wanafanya hivyo tangu zamani. Tesco ya Uingereza ilianza kadi yake ya wateja mwaka 1995, na tangu hapo inajua nani ananunua nini pamoja na nini. Sisi hatuna kadi, tuna kaye.

Maduka 11 tu yalileta. Tulimlipa kijana aliyesoma takwimu, akakaa na tableti akaandika vikapu 2,400. Nasema kikapu, maana yake ni vyote alivyochukua mteja mmoja kwa mara moja. Nusu ya pesa ilikwenda kwenye kuandika huko, kwa sababu mwandiko wa baadhi yenu ni mtihani, na wengine wanaandika «vitu» halafu bei. «Vitu, 7,500 franka.» Kitu gani, mama?

Hesabu zenyewe hazikula muda. Wapo walioniuliza kijana atawezaje kulinganisha kila kitu na kila kitu. Duka lenye bidhaa 300 lina jozi 44,850, na ukienda kwenye tatu tatu zinapita milioni 4. Njia yake ilishapatikana mwaka 1994, na Rakesh Agrawal na Ramakrishnan Srikant waliokuwa kwenye kampuni ya kompyuta ya IBM huko Marekani. Kitu ambacho chenyewe kinauzwa kwa nadra, hakiwezi kuonekana mara nyingi pamoja na kingine, basi unakitupa mapema, na kila jozi iliyo na kitu hicho nayo inakwenda. Kinachobaki ni kidogo, na kompyuta ya kawaida inakimaliza upesi.

Nieleze tulichopata, kwa sababu kuna mwanachama anatembea akisema tumelipa dola 640 ili tuambiwe kwamba watu wananunua sukari.

Katika vikapu 2,400, unga ulikuwamo katika 720, mafuta katika 600, na vyote viwili pamoja katika 288. Kwa hiyo katika wanunuzi 100 wa unga, 40 walichukua na mafuta. Lakini ukichukua wateja wote, wa mafuta ni 25 kwa 100. Gawanya 40 kwa 25, unapata 1.6. Ikipita 1, kimoja kinavuta kingine; ikiwa 1, havihusiani; ikiwa chini ya 1, vinakimbiana. Unga unayavuta mafuta.

Sasa sukari na mkate. Wengi wenu mliapa kwamba vinakwenda pamoja, na mmoja alishahamisha sukari akaiweka kando ya mkate kabla hata hatujamaliza. Mkate ulikuwa katika vikapu 480, na nusu yake, 240, vilikuwa na sukari. Mkaniambia: ona, nusu nzima! Ndiyo, lakini sukari imo katika vikapu 1,200, yaani nusu ya wateja wote, wawe wamechukua mkate au hawakuchukua. Gawanya 50 kwa 50, unapata 1. Mkate haumsukumi mtu kwenye sukari. Anayeinunua angeinunua tu, na yule ndugu aliyehamisha rafu hakuongeza hata kilo. Nilimwonya.

Unga na mkate ndiyo kabisa: kati ya wanunuzi 720 wa unga, 72 tu walichukua mkate. Ni 10 kwa 100, wakati kwa wateja wote ni 20. Wanakimbiana. Mwenye kwenda kupika bukari (ugali) hatafuti mkate, na kumwekea mkate mbele ya gunia la unga ni kuziba njia.

Ilitokea pia dawa ya viatu na nyembe. Vikapu vya dawa ya viatu vilikuwa vinne, na vitatu vina nyembe. Mkutanoni watu walipiga kelele kwamba hiyo ndiyo siri. Nilikataa, na bado nakataa. Vikapu vinne huenda ni mtu mmoja anayerudi kila mwezi. Tuliweka mpaka: jozi isiyofika vikapu 48, yaani 2 kwa 100, hatuiangalii. Kwa sababu hiyohiyo tuliondoa vikapu vya zile siku za Kasumbalesa kufungwa, maana watu walikuwa wanabeba unga peke yake kwa hofu, na wangetuharibia hesabu nzima.

Hapo kuna mwanachama alisimama na hadithi ya bia na pampas: kwamba huko Marekani duka liliweka bia kando ya nepi za watoto, likatajirika, na sisi tunacheza na unga. Nimsahihishe hapa kwa maandishi. Duka hilo lilikuwa Osco Drug, na waliolifanyia hesabu ni Thomas Blischok na wenzake wa kampuni ya kompyuta ya Teradata, mwaka 1992. Waliona kweli kwamba kati ya saa kumi na moja na saa moja jioni bia na nepi zinanunuliwa pamoja. Lakini duka halikuhamisha rafu yoyote kwa ajili hiyo. Utajiri umeongezwa na wasimuliaji. Nani hajui kwamba kuona jambo kwenye karatasi ni kazi moja, na kulifanya lilete franka ni kazi nyingine?

Ndiyo maana sikuishia kwenye karatasi. Mama mmoja kati yetu, mwenye duka karibu na soko la Kenya, alikubali tujaribie kwake. Nilikwenda mwenyewe. Msichana wake anapima unga kwa meka, anausawazisha juu kwa kiganja, anaumimina kwenye mfuko wa mteja. Zamani alikuwa anafunga mfuko, anapokea pesa, basi. Tukaweka chupa ndogo za mafuta pale pale mkono wake unapofika, na kabla hajafunga mfuko anauliza: «Na mafuta, mama?» Basi, ni hilo tu. Mtunza pesa alisema mafuta yataongezeka kwa sababu bei yake ilikuwa imeshuka wakati ule, si kwa sababu ya swali. Nikasema sawa, juma moja aulize, juma linalofuata asiulize, tubadilishane hivyo, na chupa zisiondoke mahali pake. Majuma ya kuuliza, wanunuzi wa unga waliochukua mafuta walikaribia 50 kwa 100. Majuma ya kunyamaza, walirudi kwenye 40. Bei ilikuwa ileile kwa wote. Mtunza pesa hajasema kitu tena, na namheshimu kwa hilo.

Mwingine alisikia hayo akakimbilia kupunguza bei: ukichukua unga, mafuta unapunguziwa 300. Hakuniuliza. Chupa inamwachia faida ya 500. Kabla, katika wanunuzi 100 wa unga aliuza chupa 40, faida 20,000. Baada ya kupunguza aliuza 50, lakini kila moja inamwachia 200, yaani 10,000. Wale 40 wangenunua hata bila punguzo. Amewagawia faida yake bure. Kisha akaja kusema kazi ya kaye imemtia hasara. Mwenye kuvutwa havutwi kwa bei, anakumbushwa tu.

Kuna faida nyingine ambayo hamkuitazama. Ukijua kwamba unga unavuta mafuta, unajua pia kwamba siku unga ukiisha, mafuta nayo yatalala. Mwenye duka anayengoja gunia la mwisho liishe ndipo aende depo, anapoteza mara mbili.

Sasa lawama kubwa, kwamba nimewauza kwa watu wa kodi, na kwamba majirani wameona mauzo ya wenzao. Nasema wazi: kila kaye ilipewa namba, jina la duka halikuandikwa kwenye tableti, na majumla ya pesa hayakuandikwa kabisa, ni vitu tu. Kurasa za madeni, zile za «Mama fulani, anadaiwa», nilikataza zisifunguliwe. Nchi yetu ina sheria ya mambo ya kidijitali tangu tarehe 13 mwezi wa tatu 2023, na sheria hiyo inalinda habari za watu, pamoja na za mteja anayekopa sabuni. Vijana wawili walitaka tukusanye namba za M-Pesa na Airtel Money za wateja, tuwatumie ujumbe wa matangazo. Nilikataa papo hapo. Mteja alitoa namba alipe, hakuitoa tumsumbue usiku. Kaye zote zimerudi kwa wenyewe, isipokuwa mbili ambazo wenyewe hawajaja kuzichukua mpaka leo.

Na kwa wale wanaosema pesa hizo zingekwenda kwenye vilio: hakuna kilio hata kimoja mwaka huu ambacho chama kilikosa kutoa. Someni daftari. Laiti wote 64 wangelipa, tungefanya yote mawili na kubaki na akiba, na mwenyekiti asingehitaji kuandika kurasa hizi.

Kwa mwaka unaokuja, Mungu akipenda, tunatazamia maduka mengi zaidi yalete kaye, hata 30 kama inawezekana, na tuangalie samaki wa thomson na tomati ya kopo, na sabuni, na vitu vya shule kuelekea mwezi wa tisa. Tunafikiria pia kununua mafuta pamoja, kwa jumla, kutoka depo moja, tukipata wa kusimamia. Suala la ofisi yetu wenyewe bado lipo. Uchaguzi wa komite utafanyika wakati wake, na sijasema kama nitasimama au sitasimama.

Anayeleta kaye aandike jina la kila kitu, asiandike «vitu». Na anayekuja mkutanoni kuuliza kuhusu dola 640, aje na risiti ya mchango wake wa mwezi wa kumi na mbili. Mtunza pesa atakuwa mlangoni.

Mwenyekiti,
Lubumbashi, mwezi wa kwanza 2025