Mhariri, mbio za mataji matatu ya besiboli zina wasomaji hapa Nairobi

Kwa Mhariri,

Mimi gazeti lenu naanza na kurasa za nyuma, michezo kwanza, na nadhani wengi wetu hapa Nairobi ndivyo tunasoma. Sasa kila mwaka ligi ya Uingereza ikifungwa mwezi wa tano, ile Juni na Julai yote kurasa zinajaa tetesi za usajili, fulani anahama, fulani amekataa, kesho amekubali, na hiyo ndiyo miezi besiboli ya Marekani imepamba moto, inaanza mwisho wa Machi inafika mwisho wa Septemba, kila timu inacheza mechi 162, lakini kwenu hatuoni kitu mpaka mtu avunje rekodi ya homurani ndio tuone picha yake na sentensi mbili. Naomba hapo parekebishwe, na naomba tuanze na kitu kimoja tu, mbio za mataji matatu.

Kwa asiyejua nieleze haraka. Mpigaji wa besiboli anapimwa kwa mambo matatu ya tangu zamani. Kuna wastani wa kupiga, yaani zile mara alisimama na gongo akajaribu kupiga, ni ngapi alifika besi, kile kituo cha kukimbilia, kwa pigo lake mwenyewe, na akifikisha 0.300 huyo ni mtu wa maana kabisa ingawa hesabu yake ni mara tatu tu kwa kumi. Halafu homurani, mpira umeruka ua umewaangukia watazamaji. Halafu RBI, ile mikimbio (ndiyo pointi, mtu amezunguka besi zote akarudi nyumbani alipoanzia) ambayo pigo lake limeleta, wake na ya wenzake waliokuwa wanangoja kwenye besi. Kule ligi kubwa imegawanyika mbili, American na National, na ukiongoza ligi yako kwa hayo yote matatu msimu mmoja basi umebeba mataji matatu.

Mara ya mwisho hiyo ligi kubwa kuona mpigaji amefanya hivyo ni 2012, Miguel Cabrera wa Detroit Tigers, mtu wa Venezuela. Kabla yake ilikuwa Carl Yastrzemski wa Boston mwaka wa 1967. Hiyo ni miaka 45 katikati, mtu amezaliwa amekua ameoa amesomesha watoto bila kuona. Na ukiangalia upande wa National peke yake ndio utashika kichwa, manake huko wa mwisho ni Joe Medwick wa St. Louis mwaka wa 1937, mpaka leo hakuna mwingine.

Kwa nini ni ngumu hivyo? Hapa ndipo naona waandishi wetu wanapitwa na stori tamu. Haya mambo matatu yanapigana yenyewe kwa yenyewe. Anayetaka homurani lazima arushe gongo kwa nguvu zote, na ukirusha hivyo mara nyingi utakosa mpira. Anayetaka wastani mzuri anafupisha pigo, anagusa tu mpira unaanguka pale hakuna mtu. Sasa mtu mmoja anaambiwa awe hao wawili kwa wakati mmoja, miezi sita, na mbele yake kuna mabingwa ambao kila mmoja anashindana naye kwa kitu kimoja tu.

Muangalie Aaron Judge wa New York Yankees. 2022 jamaa alipiga homurani 62, akavunja ile rekodi ya American ya Roger Maris ya 61 iliyokaa tangu 1961, akaongoza RBI na 131, wastani wake ukawa 0.311. Taji mbili ziko mkononi. Ya tatu ikachukuliwa na Luis Arraez wa Minnesota, 0.316. Huyu Arraez si mtu wa nguvu, homurani zake mwaka huo mzima zilikuwa 8, Judge ana 62! Lakini kumtoa Arraez kwa straiki, yaani mipira mizuri impite mara tatu, ni kazi, Judge alitolewa hivyo mara 175 na Arraez 43. Mtu wa homurani nane ndiye alimzuia mtu wa sitini na mbili.

Na haikuishia hapo. 2024 Shohei Ohtani wa Los Angeles Dodgers akaongoza National kwa homurani 54 na RBI 130, wastani 0.310, na watu wakaanza kusema labda Medwick sasa atapumzishwa. Ni nani aliyekaa kwenye hiyo taji ya tatu? Arraez tena! Alikuwa ameanza msimu Miami akapelekwa San Diego mwezi wa tano, akamaliza na 0.314 na homurani 4 tu. Huyo mtu mmoja amewazuia wapigaji wawili wakubwa wa zama hizi, kila mmoja kwenye ligi yake, na katikati hapo 2023 alibeba taji ya wastani pia akiwa Miami, 0.354, yaani miaka mitatu mfululizo na timu tatu. Sijawahi kuona jina lake limeandikwa kwa Kiswahili mahali popote na mimi hilo linaniuma kweli.

Mwaka huo huo 2024 Judge naye upande wa American alikuwa na homurani 58 na RBI 144, wastani 0.322 ambao miaka mingi ungetosha, lakini kijana Bobby Witt Jr. wa Kansas City akapiga 0.332. Kisha 2025 Judge hatimaye akapata ile taji ya wastani iliyomsumbua, 0.331, na mwaka huo ndio akapoteza zile zingine mbili, manake Cal Raleigh wa Seattle, mdakaji ambaye kazi yake ni kuchuchumaa nyuma ya mpigaji usiku kucha, alipiga homurani 60 na RBI 125, Judge akabaki na 53 na 114. Misimu mitatu tofauti, na kila msimu kuna mtu mwingine mlangoni. Hii ni stori ya kufuatwa wiki kwa wiki, hata kama hujui sheria zote za mchezo.

Tunaofuata mpira wa miguu hili tunalielewa bila kufundishwa. Msimu wa 2002/03 Thierry Henry alikuwa na pasi za mabao 20 na mabao 24, kiatu cha dhahabu kikaenda kwa Ruud van Nistelrooy na mabao 25. Bao moja! Na Mohamed Salah alipobeba kiatu, tuzo ya pasi na ya mchezaji bora wa msimu zote kwa mpigo 2024/25, mabao 29 na pasi 18, hapa mjini kuanzia kinyozi mpaka matatu ilikuwa ni hiyo tu.

Na hizi tofauti ndogo ndogo, besiboli ndio kwao. 1949 Ted Williams wa Boston, ambaye tayari alikuwa na mataji matatu ya 1942 na ya 1947, alifika siku ya mwisho ya msimu akiwa juu kwa homurani, kwa RBI amefungana na mwenzake wa timu, na kwa wastani anaongoza. Siku hiyo hakupata pigo hata moja. George Kell wa Detroit akapata mawili. Ukigawa hesabu zao, Kell alikuwa na mapigo 179 kwa 522, Williams 194 kwa 566, chukua simu yako ugawanye uone, 0.3429 na 0.3428. Pigo moja zaidi mwaka mzima, lile moja tu, na Williams angekuwa na ya tatu. Hao wazee wa Boston naamini waliingia kaburini wakiiongelea.

Najua kuna wenye watasema hizi hesabu zimepitwa na wakati, ati wastani hauhesabu mpigaji akipewa besi bure kwa sababu mrushaji amemuogopa, na RBI inategemea kama wenzako wako kwenye besi. Ni ukweli, siwezi kubishana nao. 2012 hiyo hiyo kulikuwa na kelele nyingi kwamba Mike Trout alistahili kuwa mchezaji bora kuliko Cabrera kwa sababu alikimbia na kulinda uwanja vizuri zaidi. Lakini Ohtani 2024 sehemu kubwa ya msimu alikuwa mpigaji wa kwanza kwenye orodha ya Dodgers, nafasi ambayo mara nyingi besi ziko tupu, na bado akaleta 130. Mtu mzuri anazipata. Na hizo hesabu mpya za kompyuta mimi siwezi kuzipiga mwenyewe kwenye karatasi, hizi za zamani mtoto wa darasa la sita anaweza.

Warushaji nao wana mataji yao matatu, ushindi, straikiauti (wapigaji waliowatoa kwa straiki), na ule wastani wa mikimbio waliyoruhusu. Hayo hutokea mara nyingi kidogo kwa sababu kwao mambo matatu yanasaidiana, ukiwatoa wengi kwa straiki hawafungi, na wasipofunga unashinda. 2024 yalibebwa pande zote mbili, Tarik Skubal wa Detroit na Chris Sale wa Atlanta, wote ushindi 18, kama vile Justin Verlander na Clayton Kershaw walivyofanya 2011.

Kuna jambo moja zaidi ambalo gazeti la Waafrika halifai kuliacha. Kwa miaka mingi weusi walifungiwa nje ya hizo ligi wakacheza zao wenyewe, na huko Josh Gibson alibeba mataji matatu 1936 na 1937. Mwezi wa tano 2024 ndipo hesabu za ligi za weusi za 1920 mpaka 1948 ziliingizwa rasmi kwenye vitabu vya ligi kubwa, na Gibson kwa wastani wake wa maisha wa 0.372 akampita Ty Cobb akawa wa kwanza kabisa. Mwenyewe hakuona hata mlango ukifunguliwa, alikufa Januari 1947, miezi mitatu hivi kabla Jackie Robinson, mweusi aliyeufungua huo mlango wa ligi kubwa, hajaingia uwanjani na Brooklyn. Hiyo habari ilipita hapa kwetu kimya kimya.

Mhariri, huenda utauliza nani atasoma. Mimi nafanya shifti ya usiku kwenye petroli stesheni huku Eastlands, na mechi za New York zinaanza saa nane usiku kwetu, za Los Angeles saa kumi na moja alfajiri. Hiyo saa njoo uone. Bodaboda na madereva wa teksi wamekaa chini ya taa, simu mkononi, wanaangalia besiboli kwa sababu usiku huo hakuna mpira mwingine wa kuweka kwa mkeka. Wanajua mikimbio imezidi nane na nusu ama haijazidi, basi, mtu aliyepiga hawamjui. Bodaboda mmoja kijana aliniuliza, "Mkubwa, hawa Dodgers mbona kila usiku wananilipa, kwani wako na nani?" Nikamchorea kwa nyuma ya risiti ya mafuta safu tatu, Ohtani juu, Arraez pembeni kwa wastani. Septemba ilipofika alikuwa anasimamisha pikipiki kabla hata sijamuuliza anaweka mafuta ya ngapi, "Mkubwa, Arraez leo amepiga?" na mkeka alikuwa hajaweka, alitaka tu kujua. Vijana wa hivyo wako wengi hapa Nairobi, ile pesa kidogo wanapoteza usiku kucha kwa timu wasiyoijua, na mchezo wenyewe una kitu kizuri zaidi cha kufuata ambacho ni bure.

Ninachoomba si ukurasa. Kuanzia Agosti, mkitoa nafasi ya ukubwa wa tangazo dogo la kiwanja Kitengela, tuwekeeni vinara watatu wa kila ligi kwa wastani, homurani na RBI, na mstari mmoja wa kusema nani bado yuko kwenye mbio za yote matatu. Siku nzuri ni Jumanne, manake mechi ya mwisho ya Jumapili ya kule inaisha Jumatatu alfajiri yetu na gazeti la siku hiyo limeshachapwa. Na kama hamna mtu wa kukesha na hizo namba, tuko huku tunaokesha tayari, mtwambie tu ni saa ngapi mnazitaka na tuzitume wapi.

Ni mimi msomaji wenu,
Umoja, Nairobi