Kwa Mama Neema, kuhusu kupimwa upya mguu

Nyakato, Mwanza

Mpendwa Mama Neema,

Mwangaluka, dada. Ujumbe wako nimeupata, na nimeona amri ya mahakama kwenye kesi yako ya fidia ya mguu ilivyokuumiza. Unasema hakimu anakuona mwongo, ndiyo maana anataka ukapimwe tena na jopo la madaktari. Sivyo. Cheti chako cha kwanza cha daktari kiliandikwa mfupa ukiwa bado na vyuma. Leo watu wa bima wanasema umepona, wewe unasema goti halikunjiki, na hakimu hajasomea mifupa. Anataka kusikia kutoka kwa asiye wa kwako wala wa bima. Na hata maoni ya jopo hayamfungi. Atayapima pamoja na ushahidi mwingine.

Kinachonikosesha usingizi ni asilimia. Watakuandikia, tuseme, ulemavu wa asilimia 30, na wakili wa bima atadai kwamba basi kipato chako nacho kimepungua kwa asilimia 30 tu. Hapo ndipo watu wanapodhulumiwa. Mahakama ya Juu ya India ililieleza vizuri mwaka 2010: dereva au seremala aliyekatwa mkono wa kushoto anaweza kukosa riziki yote, lakini karani wa serikali mwenye jeraha hilohilo akaendelea na kazi. Uamuzi huo haufungi mahakama zetu, ila wakili wako anaweza kuutolea hoja, na mimi naona ni haki tupu.

Kwa hiyo usiishie kusema "goti linauma". Waeleze madaktari wa jopo kazi yako ya dagaa kule mwaloni, boti za uvuvi zinapotia nanga, ilivyo: kuwahi boti alfajiri, kuchuchumaa kuchambua dagaa, kuinua magunia, kusimama mpaka jua likolee. Waambie sasa unamlipa kijana akubebee, na unamlipa kiasi gani. Waombe wayaandike kwenye ripoti.

Nakusihi, usichechemee kuliko kawaida. Madaktari wa mifupa hupima unene wa paja, hulinganisha urefu wa miguu, huona msuli uliosinyaa. Wakikukamata umeongeza kidogo, hata maumivu ya kweli watayatilia shaka. Lakini pia usijikaze kwa aibu, maana nakujua. Ukiulizwa kama unaweza kupanda ngazi, sema unapandaje.

Beba picha zote za eksirei, za zamani na za sasa, nakala ya PF3 (ile fomu ya polisi ya matibabu), karatasi ya kuruhusiwa kutoka wodini, na risiti. Risiti hasa, dada, kwa sababu fedha ya dawa na nauli mahakama huitaka ithibitishwe moja baada ya nyingine.

Njoo siku moja kabla, ulale kwangu. Tangu daraja la Kigongo–Busisi lifunguliwe mwaka 2025, hutasimama foleni ya kivuko na mguu huo. Ila kabla hujatoka Sengerema, mpigie wakili umuulize amri inasema nani analipia vipimo. Kama haisemi, aombe ifafanuliwe mapema.

Nisalimie mama na watoto.

Rafiki yako,
Mama Kulwa