Barua kwa Mwanangu: Kina Jones Usiwachanganye

Mwanangu mpendwa,

Salamu nyingi. Faharasa yako ya kina Jones, zile kadi za watu mashuhuri wenye jina hilo, nimeipitia yote, na bidii yako inaonekana. Ila William Jones wako mmoja ni watu wawili, baba na mwana.

Baba alizaliwa 1675 katika kisiwa cha Anglesey, kaskazini mwa Wales. Ndiye aliyeitumia alama ya pai (π), katika kitabu chake cha 1706, kwa uwiano wa mzingo wa duara na kipenyo chake. Alifariki 1749, mwanawe akiwa hata hajatimiza miaka mitatu. Huyo mwana (1746–1794) akawa jaji Calcutta na mtaalamu wa lugha. Katika hotuba yake ya 1786 alieleza kwamba Kisanskriti, Kigiriki na Kilatini vina asili moja. Wewe umeandika 1675–1794. Ukiona mtu ameishi miaka 119, simama kwanza. Tena huyu mwana ana jambo la huku kwetu ambalo hukuliweka: 1783, akiwa safarini kwenda India, alishuka Nzwani, Komoro, na baadaye akaandika maelezo ya kisiwa hicho. Liongeze.

Zamani watu wa Wales walitajana kama sisi tunavyosema Ali bin Salim: jina lako, la baba, na mtoto wako anaanza upya. Wales ilipounganishwa na Uingereza kwa sheria za 1536 na 1543, mahakama na madaftari yalitaka jina lisilobadilika, na pole pole, kwa vizazi vingi, jina la baba wa wakati ule likaganda. Majina ya ubatizo yalikuwa machache, John likipendwa mno, basi watoto wa kina John huku na kule wakawa Jones. Kwa hiyo futa kila mahali ulipoandika “ukoo mmoja” kwa sababu ya jina peke yake.

Kadi ianze hivi: Jones, jina la kwanza na la kati, miaka, kazi, mahali. Mwaka ukikosekana usibuni. Lakabu nayo iingie: mhubiri John Jones (1796–1857) hujulikana kwa Talysarn, na mshairi John Jones (1810–1869) kwa Talhaiarn, kutokana na kijiji chake. Ukiiacha lakabu, msomaji hampati. Jeshini ni namba. Rorke's Drift, Natal, Afrika Kusini, Januari 1879, askari waliosimama pamoja kulinda hospitali dhidi ya Wazulu walikuwa 593 William Jones na 716 Robert Jones, na wote wawili walipata Victoria Cross, nishani ya juu ya ushujaa ya Uingereza. Namba hizo usizidharau, vitabu huwatenganisha kwazo.

Nimefurahi sana kumwona Thomas Jesse Jones, maana wengi humsahau. Naye alizaliwa Anglesey, 1873, akahamia Marekani akiwa mtoto. Mwaka 1924 aliongoza tume ya Phelps-Stokes, mfuko wa elimu wa Marekani, pamoja na mwalimu James Aggrey wa Gold Coast (Ghana ya leo), iliyopita Kenya, Uganda, Tanganyika na Zanzibar ikichunguza elimu. Tume ilisisitiza kilimo na kazi za mikono kwa Waafrika, na W.E.B. Du Bois, msomi Mmarekani mweusi, aliupinga vikali msimamo wa Jones kuhusu elimu ya watu weusi. Andika yote mawili. Lakini picha uliyobandika ni ya Jesse Holman Jones, tajiri wa Houston aliyekuja kuwa waziri wa biashara wa Marekani. Huyo alizaliwa 1874. Wamepishana mwaka mmoja, ndiyo maana nasisitiza jina la kati.

Kwa waimbaji, tafuta jina la kuzaliwa. Tom Jones wa Pontypridd alizaliwa 1940 akiitwa Thomas John Woodward. David Bowie ndiye aliyezaliwa Jones, akalibadili asichanganywe na Davy Jones wa bendi ya Monkees. Tengeneza kadi mbili, ya jina la kuzaliwa imwelekeze msomaji kwenye jina linalojulikana. Quincy Jones wa Chicago na Grace Jones wa Jamaika waondoe chini ya Wales. Huko Marekani na Karibi majina kama haya yaliwafikia watu wengi kupitia utumwa.

Limebaki moja. Brian Jones wako hana miaka. Ni yule wa bendi ya Rolling Stones (1942–1969), au aliyezunguka dunia kwa puto na Bertrand Piccard, Machi 1999? Rudi kwenye ukurasa ulikomtoa, kisha uniandikie.

Mama yako akupendaye