Shuhuda za uponyaji nazo ziulizwe maswali

Ndugu Mhariri,

Naomba nafasi katika ukurasa wako wa barua nimjibu msomaji aliyeandika, kwa lugha ya upole na yenye heshima, kwamba mambo ya imani hayahojiwi, na kwamba anayetaka kumpima mhubiri anayetangaza uponyaji amepungukiwa na unyenyekevu. Nakubaliana naye katika jambo moja: hakuna maabara inayoweza kumwambia mtu kama sala yake imesikika. Lakini mhubiri anaposema kwamba sukari imeshuka, kwamba virusi vimetoweka katika damu au kwamba uvimbe umeyeyuka, hapo anazungumzia mwili, na mwili una vipimo. Kauli ya namna hiyo haipati kinga kwa sababu tu imetolewa madhabahuni, kama vile hesabu za sadaka zisivyoachwa bila kukaguliwa kwa hoja kwamba fedha hizo ni za Mungu.

Mfano hauhitaji kutafutwa mbali. Mwaka 2011 nchi hii ilihamia Samunge, kijiji cha Loliondo katika Wilaya ya Ngorongoro, ambako mchungaji mstaafu wa Kanisa la Kiinjili la Kilutheri, Ambilikile Mwasapila, aliyejulikana kote kama Babu wa Loliondo, alikuwa akigawa kikombe cha dawa kwa shilingi 500. Dawa hiyo ilichemshwa kutokana na mti uliotajwa magazetini kwa jina la mugariga. Mzee alisema alioteshwa na Mungu, kwamba kikombe kimoja kinatosha kuponya UKIMWI, kisukari, saratani na maradhi mengine sugu, na kwamba dawa haifanyi kazi isipotolewa kwa mkono wake mwenyewe. Foleni ya magari ilipita kilomita 20. Wenye uwezo walifika kwa helikopta, na majirani zetu wa Kenya walivuka mpaka kuja kunywa. Ilipofika mwishoni mwa Machi msongamano ulikuwa mkubwa kiasi kwamba mzee mwenyewe aliomba watu wapya wasije hadi Aprili Mosi, na vyombo vya habari vilikuwa vimekwisha kuripoti vifo zaidi ya 50 vya wagonjwa waliokuwa wakisubiri zamu yao, baadhi yao wakiwa wametolewa katika vitanda vya hospitali.

Sitaki kuwacheka waliokwenda. Walikuwamo viongozi wa serikali, wabunge, wasomi na wafanyabiashara, watu ambao wasingenunua kiwanja bila kuuliza hati iko wapi. Kinachonishangaza ni jinsi maswali wanayoyauliza kila siku katika shughuli zao yalivyowekwa kando kwa pamoja, na hoja zilizochukua nafasi yake zilivyokuwa nyepesi.

Hoja iliyosikika kuliko zote ilikuwa ile ya bei. Angekuwa tapeli, watu walisema, angetoza maelfu. Anatoza shilingi 500, basi anasema kweli. Hapa maswali mawili yaliunganishwa kana kwamba ni moja. Kama mzee alikuwa mwaminifu ni swali moja, na kama dawa inaponya ni jingine kabisa, kwa sababu mtu mkweli anaweza kukosea kwa moyo safi, na ndoto ya mtu mwema haimuondoi kirusi mwilini mwa mwenzake. Binafsi naamini mzee Mwasapila, aliyefariki Julai 2021, aliyasadiki aliyoyasema. Hilo linahusu tabia yake tu. Tulifanya kosa lilelile mamlaka zilipotangaza kwamba dawa imepimwa na ni salama kwa matumizi ya binadamu, nasi tukasikia kwamba inaponya. Chai ya rangi nayo ni salama.

Lakini nguvu hasa ya Loliondo haikutoka kwenye bei wala kwenye tangazo la serikali. Ilitoka kwenye shuhuda, na ndizo zinazoendelea kujaza redio zetu na, samahani kwa kusema, kurasa za magazeti. Ushuhuda una kasoro moja ambayo haitegemei kabisa ukweli wa anayeutoa: unaweza kutolewa na aliye hai pekee. Aliyekunywa kikombe akapata nafuu hurudi kushukuru, na ndugu zake humsindikiza. Aliyekunywa kikombe akafa hazungumzi, na familia yake, yenye aibu na majonzi, husema tu kwamba siku zake zilikuwa zimefika. Hivyo msikilizaji husikia watu ishirini waliopona na hasikii habari za mtu hata mmoja aliyeshindwa, hata kama walioshindwa ni mia mbili. Mtu anayetaka kujua ukweli hana budi kuuliza walikwenda wangapi kwa jumla, na wale ambao hawakurudi wako wapi.

Kuna pia namna ugonjwa wenyewe unavyokwenda. Maradhi mengi sugu hupanda na kushuka. Mwenye pumu, mwenye kifafa au mwenye maumivu ya viungo ana miezi mibaya na miezi ya afadhali, na kwa kawaida huenda kwa mwombaji katika mwezi mbaya kuliko yote, kwa hiyo hata kama angekunywa maji matupu, yaelekea mwezi unaofuata ungekuwa wa nafuu. Shinikizo la damu halina dalili kwa walio wengi, na mtu husema anajisikia mwepesi wakati kipimo kingeonyesha hali ileile ya juzi.

Na upo mfano wa VVU, ambao naomba wasomaji wautafakari kwa utulivu. Mgonjwa anayemeza dawa za kufubaza virusi kila siku bila kukosa anaweza kupimwa wingi wa virusi akaambiwa kwamba havionekani. Majibu hayo ni ya kweli na ni ya kufurahisha, lakini virusi vingali vimejificha ndani ya seli, na dawa zikiachwa, kwa kawaida huanza kuongezeka tena baada ya majuma machache, ilhali mgonjwa anaweza kujisikia mzima kwa miezi mingi. Mgonjwa huyo akiwa amekunywa kikombe au amepakwa mafuta, kisha akasimama mbele ya waumini na karatasi ya hospitali mkononi, kila neno atakalolisema litakuwa kweli isipokuwa hitimisho. Jirani yake aliyemsikia akarudi nyumbani na kutupa vidonge vyake ndiye atakayelipa. Mtoto mwenye kisukari kinachohitaji insulini hana hata miezi; ana siku chache.

Watetezi wa uponyaji wa namna hii wana majibu tayari kwa kila anayeshindwa. Hakupona kwa sababu imani yake ni haba, au ana dhambi aliyoificha, au alikunywa dawa iliyotolewa kwa mkono wa mtu mwingine. Tazama jinsi majibu hayo yanavyofanya kazi: akipona, dawa ni ya kweli, asipopona, mgonjwa ndiye mwenye kasoro. Hakuna tukio lolote duniani linaloweza kuonyesha kwamba dai si sahihi, na dai lililolindwa kiasi hicho halitwambii lolote kuhusu dawa. Zaidi ya hayo ni ukatili. Mama anayekufa kwa saratani ya shingo ya kizazi anaongezewa mzigo wa kuamini kwamba anakufa kwa kutoamini vya kutosha.

Wapo watakaosema kwamba nadharau mitishamba. La hasha. Dawa kuu ya malaria tunayoitegemea leo ilitokana na jamii ya mpakanga, mmea uliotumiwa na waganga wa China kwa karne nyingi, na Bi. Tu Youyou aliyeongoza kazi ya kuitoa kiini chake alipewa Tuzo ya Nobeli mwaka 2015. Lakini yeye na wenzake walipima mimea mingi, wakaiacha iliyoshindwa, wakajaribu kwa wanyama, wakainywa wao wenyewe, kisha ndipo wakawapa wagonjwa na kuhesabu. Mugariga ungestahili heshima hiyohiyo.

Na wapo watakaosema kwamba kupima ni desturi ya watu wasio na dini. Hao nawaelekeza kwenye sura ya kwanza ya kitabu cha Danieli, ambapo vijana wanne waliomba wapewe mtama na maji kwa siku kumi, kisha nyuso zao zilinganishwe na nyuso za vijana waliokula chakula cha mfalme. Msomaji anaweza kuwa na shaka na matokeo, kama mimi nilivyo nayo, lakini utaratibu ni mzuri: muda umepangwa kabla, kuna kundi la kulinganisha, na mwamuzi ni msimamizi ambaye hakuwa wa imani yao. Waislamu nao wanayo hadithi mashuhuri ya siku aliyofariki Ibrahim, mwana wa Mtume, ambapo jua lilipatwa na watu wakasema limepatwa kwa ajili ya msiba huo. Baba mfiwa angeweza kunyamaza akaacha uvumi umjengee utukufu. Alisimama akawaambia kwamba jua na mwezi havipatwi kwa kifo cha mtu wala kwa uhai wake. Viongozi wetu wa dini wangapi leo, uvumi ukiwanufaisha, wangesimama kuukanusha?

Februari 1, 2020 watu 20 walikufa mjini Moshi katika kukanyagana wakiwania kukanyaga mafuta ya upako. Mwaka 2023, katika msitu wa Shakahola huko Kilifi, Kenya, ilifukuliwa miili zaidi ya 400 ya watu, wengi wao wakiwa wamefundishwa kufunga hadi kufa ili wakutane na Yesu. Matukio hayo hayalingani kwa nia wala kwa uzito, na sitayaweka katika kapu moja. Ninachokiona katika yote, Loliondo ikiwamo, ni kwamba aliyetaka kuuliza aliogopa kuonekana haamini.

Kwa hiyo ombi langu kwako, Mhariri, halihusu mafundisho ya kanisa wala msikiti wowote. Gazeti linapoamua kuchapisha ushuhuda wa uponyaji, mwandishi aulize ugonjwa ulithibitishwa wapi na lini, mgonjwa alikuwa akitumia dawa gani za hospitali, kama bado anazitumia, na kipimo cha pili kinasema nini. Kisha baada ya miezi sita arudi kwa mtu yuleyule, kwa ridhaa yake na kwa kuficha jina akitaka, aandike alichokikuta. Kama gharama ni tatizo, afuatwe mmoja tu kati ya kumi, mradi achaguliwe kwa kura na si kwa kupendelewa na mhubiri. Akikutwa mzima, habari ichapishwe, nami nitaisoma kwa furaha. Ikikutwa familia imekwisha kuondoa matanga, hilo nalo lichapishwe, katika ukurasa uleule na kwa herufi za ukubwa uleule, pamoja na tarehe aliyoacha dawa.

Mwalimu mstaafu wa sayansi,
Karatu, Arusha