Taarifa ya Mwaka ya Mwenyekiti kwa Wanachama wa Chama cha Wapenzi wa Katuni, Mwanza

Ndugu wajumbe wa Kamati Tendaji, ndugu wanachama, pamoja na wazazi mlioitikia mwaliko wetu,

Katiba yetu inamtaka mwenyekiti awasomee wanachama taarifa ya mwaka kabla mweka hazina hajasimama. Mambo ya kawaida nitayapitia haraka. Vikao vya kamati vilifanyika kama vilivyopangwa, ada bado inalipwa kwa kusuasua, na ile projekta iliyokuwa ikijizima katikati ya onyesho imetengenezwa. Sehemu kubwa ya taarifa hii inahusu suala lililotugawa mwaka huu, yaani nafasi yetu sisi watu wazima ndani ya katuni iliyotengenezwa kwa ajili ya watoto, kwa kuwa nimelisikia likizungumzwa vibarazani na hata ndani ya kivuko cha Kamanga kwa namna ambayo si yote ni ya kweli.

Kwa faida ya wazazi na wanachama wapya, nieleze kwanza katuni yenyewe. My Little Pony: Friendship Is Magic ilianza kuonyeshwa Marekani tarehe 10 Oktoba 2010, ikaenda misimu 9 na kumalizika Oktoba 2019. Wale farasi wadogo wa rangi rangi walikuwa vitu vya kuchezea vya kampuni ya Hasbro tangu miaka ya 1980, na kulikuwa na katuni zao za zamani ambazo, kwa maoni yangu, zilifanana zaidi na tangazo la duka kuliko hadithi. Aliyepewa kazi ya kuisuka upya, Lauren Faust, alikuwa amefanya kazi katika The Powerpuff Girls, na alitaka ionekane kwamba katuni ya wasichana si lazima iwe ya hovyo na kwamba msichana anaweza kuwa msichana kwa namna nyingi. Ndiyo maana Twilight Sparkle ni mtu wa vitabu, Applejack ni mkulima wa matofaa, Rainbow Dash ana mbio na majivuno, naye Fluttershy anaogopa hata kuinua sauti. Wahusika wa namna hiyo huwavuta watu wazima pia, na haukupita muda vijana wa kiume, wengi wao wakitokea kwenye mtandao wa 4chan, wakaanza kuitazama kwa mzaha na kisha kwa dhati. Mkutano wao mkubwa, BronyCon, ulianza New York mwaka 2011 ukiwa na watu mia moja hivi, na kufikia mwaka 2015 ulijaza zaidi ya watu 10,000 mjini Baltimore, ambako ulifungwa rasmi Agosti 2019.

Hapa kwetu idadi ni ndogo lakini maswali ni yale yale. Mtu mzima anayetazama katuni ya watoto huambiwa ana lake jambo, na wanaume ndio huulizwa zaidi, kwa sababu mwanamke akikaa mbele ya skrini hiyo hudhaniwa anamsindikiza mtoto. Fundi makenika wa Igoma ambaye ni mwanachama wetu wa siku nyingi huweka picha ya Fluttershy ndani ya kisanduku chake cha spana, chini ya kifuniko, wateja wasiione. Sioni aibu yoyote katika mapenzi hayo, na chama hiki kiliundwa ili mtu kama yeye apate pa kukaa na wenzake. Hata hivyo, kutokuwa na aibu ni jambo moja, na kuwazibia njia wenye katuni yao ni jambo jingine, na hapo ndipo mwaka huu tulipojikwaa.

Wengi mnamfahamu yule farasi wa kijivu mwenye mabawa na nywele za manjano, ambaye macho yake hutazama pande mbili tofauti. Katika sehemu ya kwanza kabisa alikuwa nyuma ya umati, hana jina wala neno. Mashabiki wakamwona, wakamwita Derpy, jina la utani linalotaja ujinga, wakamtungia hadithi na kumpenda kuliko wahusika wengi wakuu. Tarehe 21 Januari 2012, katika sehemu iitwayo The Last Roundup, waandaaji waliwapa zawadi: Rainbow Dash alimwita kwa jina hilo, naye akasema kwa mara ya kwanza. Furaha ilikuwa kubwa, lakini yakaja pia malalamiko kwamba jina, sauti na ule uzembe wake, vikiwekwa pamoja na yale macho, ni dhihaka kwa watu wenye ulemavu. Mwezi uliofuata, nakala iliyokuwa ikiuzwa mtandaoni ilibadilishwa: jina likaondolewa, sauti ikarekodiwa upya, na macho yakarekebishwa. Mashabiki wakapandwa na hasira, wakaanzisha kampeni ya kumrudisha kama alivyokuwa. Baadaye alirejea kimya kimya, na mwaka 2015, katika sehemu ya 100 iitwayo Slice of Life, ambayo ilitengenezwa karibu yote kwa ajili ya wahusika wa nyuma, alipewa nafasi kubwa na kuandikwa kwa jina la Muffins.

Nimelieleza hili kwa urefu kwa sababu mgogoro wetu ulizaliwa humo. Katika onyesho la watoto la likizo ya Juni, kwenye ukumbi tuliokodi Kirumba, tulionyesha nakala ya awali iliyoletwa na mwanachama kwenye flashi. Watoto walikuwa kwenye mikeka mbele, sisi kwenye viti vya plastiki nyuma. Farasi yule alipoanza kurukaruka juu ya wingu na kuubomoa ukumbi wa mji kwa radi, viti vya nyuma vilisimama vyote, watu wakaliita lile jina kwa sauti moja, na wengine wakakodoa macho kumwigiza. Mbele, kwenye mkeka wa kwanza, alikuwapo binti wa darasa la pili mwenye makengeza na miwani. Watoto wenzake waligeuka kututazama sisi, kisha wakamgeukia yeye, na mmoja akamwita kwa jina hilohilo. Binti akavua miwani, akaikunja, akaitia mfukoni mwa gauni, na filamu iliyobaki akaitazama hivyo hivyo.

Mama yake alikuja kumwona katibu siku chache baadaye. Hakuja kugombana. Aliuliza tu, "Mlikuwa mnamshangilia nani?"

Kamati ililijadili swali hilo katika vikao viwili vilivyokuwa vya moto. Upande mmoja ulisema kwamba farasi huyo anapendwa, kwamba shangwe haikuwa kejeli, na kwamba kumficha mhusika mwenye macho ya namna hiyo ni sawa na kumficha mtoto mwenye ulemavu chumba cha uani wageni wanapokuja. Hoja hiyo ina uzito na sitaki idharauliwe. Upande wa pili ulisema kwamba binti yule hakuchagua kuwa sehemu ya utani wetu, tena utani ulioanza kati ya watu wazima katika nchi nyingine na ambao hakuna mtoto ukumbini aliyeujua mpaka tulipoufundisha kwa kelele zetu. Msimamo wangu, ambao niliupigia kura, ni kwamba farasi abaki kwenye skrini na jina libaki nje ya ukumbi. Iliamuliwa kwamba katika maonyesho ya watoto tutaanza na Slice of Life, ambamo mhusika huyo ana kazi ya kufanya. Kwamba watu wazima watakaa nyuma bila kushangilia kabla ya watoto. Na kwamba wanachama watapata usiku wao wenyewe mara moja kila mwezi, wapige kelele wapendavyo. Baadhi ya wenzetu walijitoa wakisema tumewageuza walinzi wa mlangoni. Wakitaka kurudi, fomu zipo kwa katibu.

Kuhusu michoro ya aibu inayowatumia wahusika hawa, sina maneno mengi. Kila shabiki anajua kwamba ipo, na kwamba mtoto akiandika jina la mhusika kwenye simu ya baba yake anaweza kuangukia humo. Atakayeituma kwenye kundi letu la WhatsApp atafutwa uanachama siku hiyohiyo, na akumbushwe kwamba Sheria ya Makosa ya Mtandao ya mwaka 2015 inakataza kusambaza ponografia.

Fulana zilizochapwa farasi, ambazo wanachama wawili walikuwa wakiziuza Makoroboi, nazo tumezisimamisha. Hasbro ina hakimiliki yake na imewahi kuitetea: Februari 2013 iliwaandikia mashabiki waliokuwa wakitengeneza mchezo wa kompyuta wa mapigano kuwataka waache. Waliacha, lakini Faust mwenyewe akawachorea wanyama wapya, na mchezo ukatoka kwa jina la Them's Fightin' Herds. Mchoraji wetu wa Nyegezi amefuata njia hiyo. Ameanza kuchora fisimaji na sato wenye tabia zao, wakibishana juu ya mawe ya ziwani, na fulana za kwanza zitakuwa za fisimaji. Nimeziona. Fisimaji mdogo kabisa amevaa miwani, na hakuna anayemtania.

Kwa ajenda ya leo, kamati inawasilisha mapendekezo ya kuingiza kanuni za maonyesho ya watoto katika katiba, na yatahitaji theluthi mbili ya kura. Wazazi waliopo hawatapiga kura kwa kuwa si wanachama, lakini nimeomba wapewe nafasi ya kuzungumza kabla ya kura. Baada ya hapo mweka hazina atasoma hesabu, na wenye madeni ya ada wanaombwa wasitoke kabla hajamaliza.