Msimbo wa kukokotoa riba ukae pamoja na hesabu za wanachama

Ndugu Mhariri,

Naomba nafasi katika ukurasa wa barua niwasihi wenzangu tunaoandika programu za vyama vya akiba na mikopo hapa mkoani Tanga, pamoja na bodi zinazotuajiri, tuache kubeba msimbo (maandishi ya amri za kompyuta) wa kukokotoa riba kwa flashi kutoka ofisi moja hadi nyingine.

Kosa hilo nimelifanya mwenyewe. Chama kimoja ninachokihudumia kina ofisi Ngamiani, Muheza na Pangani, na zote tatu hutumia hifadhidata moja, yaani majedwali ya kumbukumbu, inayoendeshwa na programu iitwayo Derby kwenye seva (kompyuta kuu) ya mjini. Mkutano mkuu ulipoamua kwamba riba isitozwe tena juu ya mkopo wote bali juu ya salio linalopungua, nilirekebisha maktaba ya msimbo, yaani faili lenye msimbo huo, na kuisambaza kwa flashi, lakini Pangani faili la zamani likabaki mahali pake bila mimi kutambua. Mama mmoja mchuuzi wa samaki, aliyekopa shilingi 1,000,000 za kulipa kwa miezi 12 kwa riba ya asilimia 1 kwa mwezi, aliambiwa Ngamiani kuwa riba yake yote ni shilingi 65,000, na Pangani akaambiwa ni shilingi 120,000. Kumbukumbu za mkopo wake zilikuwa zilezile. Kilichotofautiana ni msimbo uliozisoma. Shilingi 55,000 ni fedha nyingi kwa mtu anayeamka alfajiri kusubiri mashua, naye alikuwa na kila sababu ya kudhani kwamba anaibiwa.

Dawa yake ipo ndani ya hifadhidata yenyewe. Derby, ambayo IBM iliikabidhi kwa Apache mwaka 2004 na ambayo yenyewe imeandikwa kwa lugha ya programu ya Java, inazo taratibu zilizohifadhiwa (amri zilizokwisha kuandaliwa ndani yake) ambazo kazi yake ni kupokea maktaba za msimbo na kuzitunza pamoja na majedwali. Utaratibu wa kusakinisha, yaani wa kuingiza maktaba, una jina la SQLJ.INSTALL_JAR, nao huitwa kutoka kwenye programu ya Java kama utaratibu mwingine wowote: unaandaa mwito kwa amri ya Java iitwayo prepareCall, unaacha alama tatu za kuuliza kushika nafasi, kisha unazijaza kwa mahali faili lilipo, jina la maktaba likitanguliwa na skima yake (jina la kundi lake ndani ya hifadhidata), kwa mfano APP.RIBA, na mwisho tarakimu 0. Majina haya yanatokana na kiwango cha kimataifa cha SQL, lugha ya kuamrisha hifadhidata, sehemu ya 13, na ndiyo maana anayetumia programu nyingine ya hifadhidata, PostgreSQL, yenye kiongezi cha Java kiitwacho PL/Java naye ataukuta utaratibu wa install_jar.

Wengi hukwama katika mambo mawili. La kwanza, faili husomwa na seva, wala si kompyuta uliyokalia, kwa hiyo ukiandika njia ya folda iliyo kwenye kompyuta yako ya Muheza, seva ya mjini haitaliona. La pili, kusakinisha peke yake hakutoshi: ni lazima uite pia utaratibu wa SYSCS_UTIL.SYSCS_SET_DATABASE_PROPERTY ili jina la maktaba liingie katika derby.database.classpath, orodha ya maktaba ambamo Derby hutafuta msimbo, la sivyo Derby itasema klasi (kipande cha msimbo wa Java) haikupatikana ilhali maktaba imo ndani. Baada ya hapo unaunda fanksheni (amri ya kukokotoa) ya SQL inayoelekeza kwenye klasi hiyo, na ofisi zote zinaiita hiyo hiyo. Kanuni ikibadilika tena, mwito mmoja wa SQLJ.REPLACE_JAR unatosha, na Pangani haibaki nyuma.

Yapo madai kwamba kuweka msimbo ndani ya hifadhidata ni kumfungulia mlango kila mwenye nenosiri. Hofu hiyo naiheshimu, lakini uthibitishaji wa watumiaji na idhini za SQL vikiwashwa, Derby humruhusu mmiliki wa hifadhidata peke yake kuita taratibu hizi, mpaka yeye mwenyewe atoe ruhusa kwa mwingine. Folda ya flashi haina ulinzi wa namna hiyo.

Mtu anaweza pia kuuliza kwa nini tuandike programu ya Java kwa kazi hii wakati amri hizo zinaweza kuchapwa kwa mkono. Sababu ni kwamba programu haisahau hatua ya pili. Yangu ya sasa husakinisha kwanza kwenye nakala ya hifadhidata, huweka njia ya klasi (ile derby.database.classpath), hukokotoa riba ya mkopo uleule wa shilingi 1,000,000, na jibu lisipokuwa 65,000 husimama hapo hapo bila kugusa hifadhidata ya kazi. Likiwa sahihi, huendelea, kisha huandika kwenye jedwali tarehe, toleo na jina la aliyesakinisha, ili mkaguzi akija asome mwenyewe.

Ombi langu kwa bodi za vyama, kabla ya kikao kijacho cha kupanga riba, ni kumwita mwandishi wa programu yenu na kumuuliza msimbo wa kukokotoa riba unakaa wapi, ziko nakala ngapi, na nani aliibadilisha kila moja kwa mara ya mwisho. Nawe, Mhariri, ukiweza kutenga safu ya kueleza mambo haya kwa Kiswahili, niko tayari kuiandikia.

Mwandishi wa programu,
Chumbageni, Tanga