Barua kwa Mwanangu: Ukisimamishwa na Polisi

Mwanangu mpendwa,

Tangu uliponieleza kwamba juzi usiku askari alikusimamisha, ukatoa kitambulisho, ukafungua mkoba na kujibu kila ulichoulizwa kwa sababu tu uliogopa kunyamaza, sijapata usingizi wa kutosha. Sikulaumu. Nilipokuwa na umri wako nilifanya vivyo hivyo, na mikono ilinitetemeka hata nikaiangusha pochi chini mbele ya askari aliyenimulika tochi usoni.

Kwanza, tofautisha kuulizwa na kuzuiliwa. Askari anaweza kukusalimu na kukuuliza utokako, lakini kukuzuia usiondoke kunahitaji sababu ya kisheria. Kwa hiyo uliza kwa upole: “Afande, naruhusiwa kwenda zangu?” Akikubali, nenda, wala usikimbie. Akikataa, muulize anakuzuia kwa sababu gani, kwani Mkataba wa Kimataifa wa Haki za Kiraia na Kisiasa wa mwaka 1966, katika ibara ya 9, unataka anayekamatwa aelezwe sababu wakati ule ule anapokamatwa.

Kuhusu kitambulisho, sheria hutofautiana nchi na nchi, na hapa ndipo wengi huponzwa na maneno ya vijiweni. Uingereza ilianzisha vitambulisho mwaka 1939 kwa ajili ya vita. Vita vikaisha, polisi wakaendelea kuvidai, hadi dereva mmoja, Clarence Willcock, alipokataa kuonyesha chake mwaka 1950. Mahakama ilimtia hatiani lakini haikumpa adhabu, na majaji wa rufaa wakaonya kwamba kudai vitambulisho ovyo kunawafanya raia wawachukie polisi. Mwaka 1952 vikafutwa. Nchini Marekani, Mahakama ya Juu iliamua mwaka 1979 kwamba polisi wasio na sababu ya msingi ya kumshuku mtu hawawezi kumsimamisha na kumlazimisha ajitambulishe. Mwaka 2004, katika kesi iliyotoka Nevada, ikaruhusu sheria ya jimbo inayomtaka anayeshukiwa kwa haki ataje jina lake. Ona kwamba kilichoruhusiwa ni jina. Ulikokuwa, uliyekuwa naye na ulichokunywa ni mambo mengine kabisa, na hayo juzi uliyatoa yote bure.

Ukiwa unaendesha gari, onyesha leseni bila ubishi.

Akitaka kupekua mkoba, tamka wazi kwamba hukubali, kisha acha mikono yako ionekane na usimshike wala kumsukuma, hata akiendelea. Najua inauma kusimama tu ukitazama, lakini tamko lako la kutokubali ndilo wakili atakalolishika mahakamani, ilhali msukumo mmoja tu utakugeuza wewe kuwa mshtakiwa.

Kama bado unaikumbuka namba iliyokuwa begani kwa askari yule, iandike leo, pamoja na saa na mahali, kisha unitumie.

Ni mimi mama yako.